UZI: Range Rover Sport na Discovery 3 za bei chee, someni hapa kabla hamjalipa

Spana Kumi

Wakuu habari za mda huu.

Kila baada ya siku chache inaingia mada humu, mtu kaona Range Rover Sport namba D (herufi za usajili zinaanzia D) inauzwa bei ya Harrier, anauliza nichukue au nisichukue. Wanaomjibu wanagawanyika palepale, hawa wanamwambia kimbia utafilisika, wale wanamwambia chukua mwanangu maisha ndo haya haya. Anaondoka hajui kitu. Mimi kazi yangu iko kwenye hizi gari, nazipenda kutoka moyoni na inaniuma nikiona gari nzuri imekufa bure, kwahiyo leo naandika kwa urefu, mwenye bando asome mpaka mwisho.

Msimamo wangu nautoa mapema. Hizi gari hazifilisi watu kwa sababu ni mbovu, zinafilisi kwa sababu kitu kidogo kikizingua mwenye gari anakiahirisha, na kwenye Range kitu kidogo kimeshikana na kikubwa, ukikiacha kinakwenda kukiua kile kikubwa. Mwenye hela ya kununua yupo, asiyekuwepo ni mwenye hela ya miezi sita ya mwanzo.

Nazungumzia Discovery 3 (Disco) iliyotoka 2004 mpaka 2009, na Range Rover Sport ya kwanza, ile ya 2005 mpaka 2013. Juu zinatofautiana ila ukizilaza kwenye jeki unakuta karibu kila kitu ni kile kile, suspensheni ya upepo ile ile, giaboksi ile ile, breki ya mkono ya umeme ile ile. Range Rover Vogue siigusi leo, ni gari nyingine. Hizi zilizaliwa wakati Land Rover iko chini ya Ford kabla Tata hawajainunua 2008, na ile injini ya dizeli 2.7 Ford waliitengeneza pamoja na Peugeot Citroën, ndo hiyo hiyo ilikaa kwenye Jaguar S-Type na Peugeot 407. Kwahiyo fundi aliyeshafungua Jaguar ya dizeli sio mgeni kwenye Disco.

Tuanze na bei ya kununulia, maana ndo inawavuta watu. Bei ya gari inashuka, bei ya spea haishuki. Gari iliyouzwa mpya kwa hela ya nyumba leo inauzwa hela ya Vanguard, lakini kompresa yake (pampu ya upepo), shokapu zake na kontrolo boksi zake (kompyuta za gari) bado zinauzwa kama gari ni ya hela ya nyumba. Ukielewa hapo umeelewa nusu ya uzi.

Kwa wanaoagiza wenyewe hapa Tanzania, kuna kodi. Kwa viwango tulivyozoea gari iliyozidi miaka 10 inapigwa uchakavu asilimia 30, hapo kuna ushuru wa forodha 25, ushuru wa bidhaa 10 kwa injini iliyozidi cc 2,000, na VAT 18. Na hizi zinapandiana, moja inapigwa juu ya nyingine, kwahiyo kodi peke yake inafika au kupita thamani ya gari ikiwa imeshuka bandarini. Halafu TRA (mamlaka ya mapato) wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, usipige hesabu kwa bei ya risiti yako ukaja kulia pale bandarini. Viwango vinaguswa kwenye bajeti za Juni, ingia kwenye kikokotoo chao upate namba ya siku hiyo.

Pia jua gari inatoka wapi. Za Japan nyingi ni petroli V8 na kwa kawaida ndani ni safi sana. Dizeli nyingi zinatoka Uingereza, na kule baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, chumvi inakula chasisi na mabomba ya breki. Gari ya Uingereza usiiangalie ukiwa umesimama, lala chini na tochi. Mabomba ya breki ya nyuma yanapita juu ya tenki la mafuta na huko ndo yanaozea, kuyabadilisha ni shughuli.

Sasa injini.

Dizeli 2.7 inabana mafuta vizuri, inavuta vizuri, ila ina mambo matatu ya kukariri. Kwanza mkanda wa taiming. Kitabu cha matengenezo cha Uingereza kiliandika ubadilishwe kwenye karibu maili 105,000 au miaka 7, chochote kitakachotangulia. Watu wanakariri maili wanasahau miaka. Gari ya 2007 ambayo haina risiti ya mkanda hesabu mkanda haupo, hata kama dashibodi inasoma kilometa chache. Na iko mikanda miwili, wa mbele na mwingine mdogo nyuma ya injini unaoendesha pampu ya dizeli ya presha kubwa, fundi wengi wanabadilisha wa mbele tu kwa sababu wa nyuma haufikiki kirahisi. Mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, injini imeisha. Hapo hapo kwenye mkanda kuna pampu ya oil, zile za mwanzo kipande kinachoshikilia tenshena (kikaza mkanda) ni dhaifu na kinaweza kuvunjika muda mfupi baada ya mkanda mpya kufungwa, kwahiyo anayejua kazi anabadilisha mkanda na pampu ya oil kwa pamoja.

Pili ni krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Hizi dizeli, 2.7 na hata 3.0 iliyokuja 2009, zinajulikana dunia nzima kwa bearingi za krenki kuzunguka na krenki kukatika kabisa. Hakuna atakayekupa dhamana kwamba yako haitanoki, ila unachoweza kufanya ni oil. Ratiba ya Uingereza ilikuwa inaruhusu maili 15,000 kwa oil moja, ni zaidi ya kilometa 24,000 hizo wakuu! Kwa foleni ya Mwenge na joto letu mimi sivuki kilometa 7,000. Inaingia karibu lita 6, 5W-30 yenye alama ya Ford WSS-M2C913 kwa 2.7 isiyo na DPF (kichujio cha masizi kwenye egzosi). Ukiona mtu anaweka oil nzito ya fuso ili "ishike presha", hiyo injini inaenda kuuzwa, usiwe wewe mnunuzi.

Tatu EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na mabomba ya turbo. Gari inakosa nguvu mlimani, inatoa moshi mweusi, taa inawaka, mtu anaambiwa turbo imekufa kumbe bomba la upepo limepasuka au EGR imeziba masizi. Lazima upimwe kwanza, maana kufikia turbo ya hii injini mafundi wengi wanaitoa bodi nzima juu ya chasisi, na hiyo leba utaisikia.

Petroli 4.4 V8 ni ya Jaguar, haina mkanda, inatumia cheni, na ukiniuliza injini gani ya kukaa nayo bila presha kwenye familia hii jibu langu ni hiyo. Inakunywa, ndio. Ile 4.2 yenye supachaja ni tamu ila inakunywa zaidi. 5.0 za mwanzo mwanzo zina ugonjwa wa tenshena na vipande vya kuongozea cheni, ukiwasha asubuhi inapiga kelele ya kukwaruza sekunde kadhaa, ukisikia ondoka. Na 5.0 na 3.0 dizeli zote zina mabomba ya kulanti (maji ya kupozea injini) ya plastiki ambayo joto linayakausha yanapasuka kwenye maungio. Lile bomba ni kitu cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na injini, lakini likipasuka ukiwa Chalinze na ukaamua kusogea sogea mpaka Mlandizi, injini ya alumini imeshachemka na silinda hedi imepinda. Ukiona kulanti inapungua kidogo kidogo usiongeze maji ukanyamaza, tafuta inapotokea wiki hiyo hiyo.

Suspensheni ya upepo ndo mfano mzuri kuliko yote. Baluni (mfuko wa upepo unaobeba gari) linaanza kuvuja kidogo, asubuhi unakuta gari imelala kona moja, unawasha inanyanyuka yenyewe, unasema poa. Sio poa. Kila inaponyanyuka kompresa imefanya kazi ya ziada, haikutengenezwa kuzunguka mda wote ule, inachemka, ringi zake zinaisha, kichujio cha unyevu kinajaa maji na vumbi, vumbi linaingia kwenye vali za kugawa upepo. Hapo ulikuwa ubadilishe baluni moja, sasa unabadilisha baluni, kompresa na vali. Na ukipuuza bado, relei ya kompresa (swichi yake ya umeme) inaweza kugandia ikawaka hata gari ikiwa imezimwa, ukakuta betri chini. Kompresa mpya Uingereza ni pauni mia kadhaa kabla ya ndege na ushuru, kwahiyo baluni linalovuja lina haraka kuliko unavyodhani. Relei ni ya hela ndogo sana, badilisha siku unayonunua gari bila hata kuuliza.

Giaboksi ni ZF ya gia 6. Land Rover waliandika oil yake haibadilishwi maisha yote, lakini ZF wenyewe waliotengeneza wanasema ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Mimi namsikiliza aliyetengeneza. Sampu yake ya chini (bakuli la oil) ni ya plastiki na filta iko humo humo, inabadilishwa nzima. Dalili za mwanzo ni kutetema kidogo ukiwa unakwenda taratibu kama 60 na 70, na kugonga inaposhuka gia ukisimama. Ukiwahi oil na filta mara nyingi inarudi kuwa laini, ukichelewa unafungua giaboksi.

Breki ya mkono ya umeme inahitaji kurekebishwa viatu vyake kila mara diski za nyuma zinapofunguliwa, hasa huku kwetu kwenye tope na vumbi. Ikianza kulia mlio mkali ukiibonyeza inakuomba marekebisho, usipoisikia mota yake inajilazimisha mpaka inavunjika.

Bushi za kontrolo aamu za mbele sitazisemea sana, barabara zetu zinazila, gari ina karibu tani 2 na nusu, ukisikia ngo ngo mbele badilisha, usipobadilisha zinakula tairi upande wa ndani, na tairi za Sport za 275/40 rimu 20 sio tairi za kununua kila mwaka.

La mwisho kwenye posti hii, betri. Betri ikiwa dhaifu hizi gari zinawasha taa zote, suspensheni, breki, giaboksi, mtu anakimbilia kununua kontrolo boksi. Pima betri na olteneta kwanza.

Maswali karibuni.

Mzee wa Prado

Mkuu umeandika vizuri na nimejifunza, ila mimi naona umetusaidia kukimbia. Hela hiyo hiyo mtu achukue Prado, spea Kariakoo kila duka, fundi mpaka Namtumbo wanaijua, ukiuza unauza siku mbili. Kwanini mtu ajitese?

Spana Kumi

Mzee wangu shikamoo, hoja yako naikubali kwa mtu wa safari. Kama kazi zako ni Namtumbo, Mpanda, Loliondo, chukua Prado na usiangalie nyuma, kwa sababu Range ikiwasha taa huko hakuna wa kuisoma. Skana ndogo za bei poa zinasoma injini tu, suspensheni na breki ya mkono hazizioni, unahitaji kifaa kinachoongea na Land Rover kama GAP IIDTool au programu ya kampuni yenyewe.

Ila tulinganishe kwa haki. Prado ya mwaka huo huo bei yake iko mbali sana na ya Disco. Ukichukua Disco ukaweka ile tofauti benki ukaitumia kwa mkanda, baluni, oil ya giaboksi na bushi, kuna watu wanaishi nazo vizuri mjini na kwenye lami. Ninaowagombeza ni wanaochukua Disco kwa sababu hawana hela ya Prado na ile tofauti hawana vilevile.

Dada wa Nyali

Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Kwetu gari haiingii ikizidi miaka 8, kwa hivyo Disco 3 zilizoko ni zile ziliingia zamani na zimepita mikononi mwa watu wengi. Kaka naomba kuuliza, hapa mafundi wengi wanashauri utoe mabaluni yote uweke springi za kawaida ukae kwa amani. Wewe wasemaje?

Spana Kumi

Dada yangu, inawezekana na vifaa vyake vinauzwa kabisa, lakini ujue unachopoteza. Kwanza gari haipandi tena, ile kupandisha ukifika kwenye mashimo au kwenye maji imekwisha, umebaki na urefu mmoja. Pili ukibeba watu saba na mizigo nyuma inakaa chini, wakati upepo ulikuwa unaisawazisha. Tatu kompyuta lazima iambiwe kwamba suspensheni haipo, asiyejua anachomoa fyuzi tu, taa inabaki inawaka siku zote na mwenye kununua akiiona anakushusha bei.

Mimi naziweka springi pale tu ambapo mwenye gari yuko mbali na fundi mwenye kifaa, au vali na kompresa na baluni zote zimekufa kwa pamoja na gari haina thamani ya kurudishiwa. Kama ni baluni moja na kompresa bado nzima, rekebisha ulichonacho. Na kabla hujaambiwa chochote mwambie fundi apake maji ya sabuni kwenye maungio yote ya mabomba, mara nyingine inavuja kwenye kiungio kidogo tu na mtu keshauziwa baluni mpya.

Pwani Dizeli

Vipi 3.0 ya 2011, si walishatoa matatizo ya 2.7? Na DPF kwa mafuta yetu inapona?

Spana Kumi

3.0 ina nguvu zaidi na giaboksi ya gia 8 ilikuja baadae kwenye hiyo hiyo injini, tamu sana kuendesha. Ila mikanda bado ipo, krenki bado ina historia, na bomba la plastiki la kulanti lipo. Matatizo yamepungua, hayajaisha.

DPF kinachoiua ni safari fupi zaidi ya mafuta. Afrika Mashariki tulihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50ppm mwaka 2015, ukijaza kituo cha kueleweka sio mafuta ya kutisha. Lakini DPF inajisafisha ikipata joto la mwendo, mtu anayetoka Sinza kwenda Posta na kurudi kila siku haipati nafasi hiyo, inajaa, masizi yanabanana, na kila inapojaribu kujichoma ikakatishwa, dizeli inateremka kwenye oil, oil inakuwa nyepesi, na tumeshaongea bearingi za krenki zinataka nini. Unaona tena kitu kidogo kinavyokwenda kwenye kikubwa? Kama una 3.0 hakikisha kila wiki inapata njia ndefu, Bagamoyo au Kibaha, mwendo wa kutulia nusu saa hivi. Na chomoa dipstiki au soma kiwango cha oil kwenye skrini, kikipanda badala ya kushuka mwaga oil hiyo.

Kijana wa Goba

Bro shikamoo. Mimi nauliza hela tu. Natoka Goba kwenda kazini mjini, Sport 4.4 na Disco 2.7 kwa mwezi zinakula kiasi gani? Na kuna Disco 3 ya 2008 nimeonyeshwa na dalali, nje inang'aa balaa, ila asubuhi nimeikuta imelala nyuma kushoto. Anasema ni kawaida yake.

Spana Kumi

Marahaba. Chukulia unatembea kilometa 1,000 kwa mwezi na lita ya mafuta iko shilingi 3,000. V8 kwenye foleni hesabu kilometa 5 kwa lita, ni lita 200, laki 6. Dizeli 2.7 hesabu kilometa 9, ni lita kama 111, laki 3 na elfu 33. Tofauti ni karibu laki 2 na 70 kila mwezi, zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Wengi wanaishia hapo wanasema dizeli. Lakini hiyo milioni 3 iweke mezani na mkanda, pampu ya oil, EGR na hatari ya krenki. Kwa mtu anayetembea kidogo kama wewe V8 inaweza kukutoka nafuu kwa miaka mitatu, kwa anayetembea kilometa 3,000 kwa mwezi dizeli inashinda wazi.

Ongeza bima kubwa, inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na usisahau bima kubwa hailipi injini iliyonoki wala giaboksi iliyokufa, inalipa ajali, moto na wizi. Watu wengi wanashtukia hapo.

Kuhusu hiyo ya dalali, kulala sio kawaida yake na wala sio sababu ya kuikimbia, ni sababu ya kushusha bei. Mwambie aizime jioni ikiwa imekaa sawa, upime kwa futi kila tairi mpaka ukingo wa fenda, asubuhi upime tena. Kona iliyoshuka ndo inavuja. Halafu iwashe, hesabu inanyanyuka kwa mda gani, ikichukua dakika nyingi au inatoa ujumbe wa hitilafu jua kompresa nayo inaelekea. Omba bei ya vyote viwili ikatwe.

Kisha muulize swali moja la mkanda, risiti iko wapi. Hana risiti, gharama ya mikanda yote miwili na pampu ya oil inakatwa kwenye bei au unaondoka.

Na kwa kuwa Disco ya 2008 ikiwa dizeli mara nyingi imetoka Uingereza, mwombe namba yake ya usajili ya kule, mara nyingi iko kwenye nyaraka za kuingizia gari. Ukiwa nayo unaingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza sehemu ya historia ya MOT (ukaguzi wa lazima wa magari kule), ni bure, inakuonyesha kila ukaguzi iliofanyiwa, maili zilizosomeka siku ile, ilifelishwa kwa nini na ilionywa nini. Geuza maili kuwa kilometa kwanza, na kilometa za dashibodi zikiwa chini ya zile za MOT ya mwisho dalali hana la kukuambia. Na ukiona MOT za mwisho zinataja kutu kwenye mabomba ya breki ya nyuma, ndo uanze kulala chini na tochi hapo nilipokuambia.

Kijana wa Goba

Nimeelewa. Namba ya Uingereza ninayo, iko kwenye karatasi alizonipigia picha. Naingia sasa hivi, nikitoka nabandika hapa kilichoandikwa mnisaidie kusoma.

Spana Kumi

Bandika. Ila jina na anwani ya mtu yeyote zikionekana kwenye hizo karatasi zifute kwanza, sisi tunataka maili na makosa tu.